Nusu kwa Cyiza, Nusu kwa Munezero

Ukitaka maziwa Kashojwa, pale Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda, utaelekezwa kwa Mukandoli kabla hujamaliza kuuliza. Si kwamba maziwa yake yana utamu wa pekee. Anayanunua kwa wafugaji walewale wa upande wa Ngarama, yanakuja kwa pikipiki zilezile, na kiangazi kikikaza yanakuwa mepesi kama ya kila mtu. Watu wanafuata kikombe chake. Mukandoli akikupimia, anainama mpaka jicho lake liwe sawa na ukingo wa kikombe, anangoja povu litulie, kisha anaongeza kidogo au anapunguza kidogo. Mchungaji wa kanisa lake hupimiwa hivyo, na mlevi wa jirani hupimiwa hivyohivyo. Anayeomba nyongeza hupewa jicho, na jicho la Mukandoli ukishapewa huombi tena.

Kwa hiyo watu hawakushangaa kuona anavyowalea wajukuu zake mapacha, Cyiza na Munezero, wasichana wa miaka minne. Mama yao, Benitha, ni mpishi katika hoteli moja ya Mbarara, na huja kuwaona anapopata nafasi. Baba yao alibaki Kongo, na habari zake zimekatika. Wasichana wanaishi na bibi yao, wanayemwita Koko, na kwa Koko hakuna kitu cha mmoja. Sahani ni mbili, za rangi moja. Viatu ni jozi mbili za namna moja. Mmoja akiogeshwa, mwenzake naye anaogeshwa hata kama ametoka kuoga sasa hivi. Mmoja akipigwa kofi, mwenzake anapata la kwake, na kwa kuwa Munezero ndiye mtundu, Cyiza alikuwa amelipia makosa mengi ambayo hata hakuyaona yakitendeka.

Majirani waliotoka Kivu ya Kusini hawakuona ajabu. Kwao mapacha, au mapasa kama wanavyosema wenyewe, hulelewa hivyo tangu zamani. Unachompa mmoja mpe na mwingine, maana aliyenyimwa huona kwamba hatakiwi, akaondoka zake. Na kuondoka huko ni kufa.

Wengine waliishika mila hiyo kwa sababu waliikuta. Mukandoli aliishika kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa pacha.

Alizaliwa Bwegera, katika bonde la Ruzizi, pamoja na dada yake Marcienne. Huyo Marcienne alikuwa mtoto wa kuumwaumwa. Alipokuwa mchanga, mikono na miguu yake ilivimba hata mama yao akashindwa kumvisha soksi. Baadaye macho yake yakawa ya manjano, na mvua zikianza alilia kwamba mifupa inamuuma. Walipofika umri wa kuanza shule, shangazi yao alikuja kutoka Uvira na gauni, robe kama walivyoliita kwao, moja tu. La pili lilikuwa limempotea njiani, au hakulinunua kabisa, hakuna aliyejua. Lilikuwa jekundu, lenye kola nyeupe. Marcienne alikuwa amelala anaumwa, basi akavalishwa Mukandoli. Alienda nalo kanisani, na aliporudi akazunguka nalo mbele ya kitanda cha mwenzake ili lifunguke kama mwavuli.

Marcienne alimtazama, akauliza, "Na yangu?"

Wiki hiyohiyo akafa. Wanawake waliokuja msibani hawakumwonea haya mtoto. Walisema mbele yake kwamba hawa watu wamempa mmoja na kumnyima mmoja, wanashangaa nini sasa. Mukandoli aliyasikia, akayameza, na kwa zaidi ya miaka hamsini hayakumtoka. Hakuvaa nguo mpya tena. Mitumba alivaa, na nguo za kuachiwa na wengine alivaa, maana hizo zilikwisha kuwa za mtu. Benitha alipopata mshahara wake wa kwanza Mbarara alimshonesha gauni la kitenge, zuri la kweli. Mama mtu alishukuru, akaombea mkono uliotoa, akalikunja na kuliweka chini kabisa ya sanduku. Benitha alinuna, akadhani mama yake hakupenda rangi.

Ndipo kikaja kipimo.

Nathalie, mhudumu wa afya wa kijiji, ni mwanamke wa Uvira anayecheka kabla ya kusema. Alipita nyumba kwa nyumba akiwaambia wenye watoto wadogo wawapeleke kituo cha afya wapimwe selimundu, ugonjwa ambao Wakongo wengi wanauita SS. Ni ugonjwa wa kurithi. Chembe nyekundu za damu hupinda kama mundu, zikakwama katika mishipa midogo, na pale zinapokwama ndipo panapouma. Zamani damu ya mtoto ilipelekwa mbali kwenye mashine kubwa, na mama akasubiri majibu mpaka akasahau swali. Sasa ni tone moja la damu ya kidole, kijiti cha plastiki chenye kidirisha, na kungoja kidogo, kama mtu anayengoja maji ya ugali yachemke.

Mukandoli alienda, lakini kwa masharti yake.

"Mubatoboe bote pamoja," alimwambia Nathalie. "Hapana huyu mbele, huyu nyuma."

"Mama, miye niko na mikono mbili tu."

"Uite mwenye mikono ingine."

Akaitwa mtu wa maabara. Wasichana wakakalishwa benchi moja, kila mmoja akashikwa kidole, Nathalie akahesabu mpaka tatu kama watu wanaonyanyua gunia, na sindano mbili zikaingia kwa pamoja. Vilio navyo vikatoka kwa pamoja, na Mukandoli akaridhika.

Vijiti havikuwa na adabu hiyo. Cha Cyiza kilionyesha mstari wa A peke yake, maana yake damu nzima. Cha Munezero kilionyesha mstari wa S peke yake. Mtu wa maabara alikuwa ameviandika majina, lakini Nathalie, akimjua mama aliye mbele yake, alirudia kipimo kwa vijiti vingine. Majibu yakawa yaleyale.

"Munezero ana SS," Nathalie alisema, na safari hii hakucheka. "Cyiza hana kitu."

"Tumbo ni moja," Mukandoli akajibu. "Mama ni moja, maziwa ni moja. Damu itakuwa mbili namna gani?"

"Banaweza kuzaliwa siku moja, mama, na kila mutoto ana damu yake. Baba alipana ya kwake, mama alipana ya kwake. Munezero alipata ile mubaya fasi zote mbili, kwa baba na kwa mama. Haiko kosa ya mutu."

Mukandoli aliviangalia vile vijiti kwa jicho la kupimia maziwa. Hakuvipenda. Watu wengine wangeogopa ugonjwa. Yeye aliogopa zaidi kwamba kitu kisichofika urefu wa kidole kimewatenga wasichana wake.

Walipelekwa Mbarara kwenye kliniki ya wagonjwa wa selimundu, majibu yakathibitishwa, na Munezero akaandikiwa dawa za kila siku: penisilini ya kumkinga na maambukizi, foliki ya kusaidia damu, na vidonge vya haidroksiurea, vinavyopunguza kupinda kwa zile chembe. Mukandoli akaelezwa, na Nathalie akamweleza tena nyumbani kwa lugha ya nyumbani: dawa hizi ni za Munezero tu, na kile cha haidroksiurea mwingine asikiguse kabisa, kinaweza kumdhuru mtoto mzima. Mukandoli aliitikia kila neno, na alikuwa anasikia vizuri.

Asubuhi ya kwanza alikiweka kidonge juu ya kibao cha kukatia mboga. Cyiza alikuwa amesimama pale, mikono nyuma.

"Koko, na yangu?"

Usimcheke Mukandoli. Jaribu wewe kuulizwa swali hilo baada ya kuulizwa na Marcienne. Mukandoli alichukua kisu, akainama mpaka jicho likawa sawa na kibao, akakata kidonge katikati, na kama ungevipima vipande vile kwa mizani ya dhahabu usingepata tofauti. Nusu kwa Cyiza, nusu kwa Munezero. Akafanya hivyo na penisilini, akafanya hivyo na foliki. Hakuona kwamba anaharibu dawa. Aliona anawaokoa wote wawili, mmoja na ugonjwa wa hospitali, mwingine na ugonjwa ambao hospitali haiujui.

Kopo liliisha siku iliyotakiwa kuisha, kwa hiyo Nathalie alimsifu mbele ya wamama wengine. Alisema kama wote wangekuwa kama Mama Mukandoli, kazi yake ingekuwa kutembea tu na kunywa maziwa. Mukandoli alitazama chini. Wamama walidhani ni unyenyekevu.

Mvua zilipoanza, Munezero aliamka akipiga kelele. Alishika mapaja, kisha kifua, na hakutaka kuguswa hata na shuka. Gari la wagonjwa likaitwa, na dereva alipotaka kupakia mtoto mmoja na mzazi mmoja, Mukandoli aliingia na watoto wote wawili, akakaa, akamtazama. Dereva akawasha gari.

Hospitali ya Mbarara walimpa Munezero dawa za maumivu, maji kwa mshipa, baadaye na damu. Benitha alikuja mbio kutoka jikoni, bado amefunga aproni, ananukia vitunguu. Siku mbili zile za kwanza maumivu hayakupungua. Mtoto aligeuka kijivu midomoni, na Mukandoli alikaa chini kando ya kitanda na Cyiza mapajani, akijiuliza ni lini aliwahi kukosea kipimo. Alirudia kichwani asubuhi moja baada ya nyingine. Vipande vyote vilikuwa sawa.

Asubuhi iliyofuata maumivu yalipungua, na muuguzi wa zamu akaja na dawa. Aliitwa Kyomugisha, Mnyankole mwenye sauti nzito. Kiswahili alikiokota utotoni katika kambi ya jeshi alikokuwa baba yake, kwa hiyo hata akikusalimu unahisi umeamriwa kusimama wima. Lakini mikono yake ilikuwa laini. Alimwinua Munezero, akampa kidonge kizima cha haidroksiurea na maji. Munezero akameza.

Cyiza alishuka mapajani mwa bibi yake, akaenda mpaka miguuni mwa muuguzi, akainua kichwa na kufungua mdomo.

Kyomugisha alicheka. "Wewe nataka nini?"

"Nusu yangu," alisema Cyiza. "Umemupatia yote."

Kicheko kikakatika. Muuguzi alimtazama mtoto, akamtazama Benitha, na Benitha akageuka kumtazama mama yake. Mukandoli alikuwa anaangalia sakafu.

"Mawe!" Kyomugisha alisema, kama Wanyankole wanavyomwita mama wakishtuka. "Mama, kuja hapa. Hii dawa, nyumbani wewe napatia nani?"

"Bote," Mukandoli alisema. "Nusu, nusu. Sawasawa."

"Kila siku?"

"Kila siku. Sijakosa hata moja."

Kyomugisha alikasirika, tena sana. Alisema kwamba huyu mgonjwa alikuwa anapata dawa ya mtoto wa nusu ya umri wake, ndiyo maana ugonjwa umemzidi, na huyu mzima amelishwa dawa kali ya kupunguza chembe za damu ambayo haikuwa na kazi mwilini mwake. "Wewe nataka wagonjwa wawili? Moja hapana tosha?" Benitha ndiye aliyelia. "Mama, ungebaua bote bawili," alisema, na hakuwahi kumwambia mama yake neno zito kama hilo.

Damu ya Cyiza ilichukuliwa palepale. Safari hii hakuna aliyedai watobolewe pamoja. Chembe nyeupe za damu yake zilikuwa zimeshuka, lakini si kwa kutisha, na daktari akasema akiacha dawa zitapanda zenyewe, arudishwe apimwe tena.

Kyomugisha alirudi na majibu, hasira imempungua, akavuta kiti. Alimpa Mukandoli njia rahisi: huyu mzima akilia, mpatie pipi, yake na yeye. Mukandoli akatikisa kichwa. Pipi si kidonge, mtoto atajua. Kisha, kwa kuwa binti yake alikuwa analia bado, akasema lile ambalo hakuwahi kumwambia Benitha. Alisema habari ya Marcienne, gauni jekundu, na swali lile. Benitha alikuwa akijua tu kwamba mama yake aliwahi kuwa na dada. Hakujua la gauni, na sasa akakumbuka kitenge kilichokaa sandukuni, akaelewa kwamba haikuwa rangi.

Muuguzi ndiye aliyekuwa anasikiliza mambo mengine.

"Huyo dada yako, alikuwa nagonjwa nini?"

"Hapakukuwa munganga wa kusema. Mikono ilivimba akiwa mudogo sana, na miguu. Macho ya manjano. Wakati wa mvula analia mifupa."

Kyomugisha alimtazama Munezero kitandani, kisha bibi yake. "Na wewe, mama, wamepima wewe?"

"Miye? Miye ni muzee. Kipimo ni ya batoto."

"Damu hapana zeeka. Lete kidole."

Kidole cha Mukandoli kilikuwa kigumu kwa kazi, ikabidi kutobolewa mara ya pili. Tone likaingia kwenye kijiti, kijiti kikawekwa juu ya meza ndogo ya kitanda, karibu na kikombe cha uji. Wote wanne wakakizunguka, na Munezero akiwa amelala akaomba anyanyuliwe naye aone. Maji mekundu yalipanda kidirishani taratibu. Ulitokea mstari wa A. Benitha alishusha pumzi. Kisha chini yake ukatokea mstari wa S, mwembamba kwanza, halafu ukakolea.

"Wewe nabeba," alisema Kyomugisha. "Hapana gonjwa, lakini nabeba. Wewe napatia Benitha, Benitha napatia huyu. Na wewe, mzazi yako moja napatia wewe. Kama wazazi yako wote wawili walikuwa nabeba, basi mtoto yao moja anaweza kubeba tu, na ingine anaweza kuzaliwa na ugonjwa yenyewe. Hata kama ni mapacha. Kama hawa."

Mukandoli aliinama, jicho likawa sawa na kijiti.

"Basi Marcienne..."

"Mimi hapana weza kupima mtu amekufa, mama. Hapana danganya wewe. Lakini mikono kuvimba, macho, mifupa kwa mvua?" Kyomugisha alimwonyesha Munezero kwa kidevu. "Mimi naona hiyo kila siku hapa. Na hapana ona mtoto hata moja amekufa kwa gauni."

Mukandoli aliomba apewe kile kijiti, akaambiwa hakiruhusiwi, ni takataka ya hospitali yenye damu. Basi akakiangalia mpaka kilipotupwa.

Munezero aliporuhusiwa, Jumamosi, walirudi Kashojwa. Wateja walikuwa wamenunua maziwa kwingine na wote walikuwa na malalamiko ya vikombe vya kwingine. Nathalie alikuja, alikwisha kusikia habari ya nusu kwa nusu. Akakaa tu, akanywa maziwa, akalipa.

Asubuhi ya Jumapili Mukandoli aliweka kidonge juu ya kibao. Kisu kilikuwa palepale. Cyiza naye alikuwa palepale, mikono nyuma.

"Koko, na yangu?"

Nakwambia aliogopa. Kijiti kilisema lake, muuguzi alisema lake, lakini hofu ya miaka hamsini na kitu haiondoki kwa kuonyeshwa mistari miwili. Alikichukua kidonge kizima, akakitia mdomoni mwa Munezero, akamshikia maji, yakamwagikia mtoto kifuani.

"Yako hakuna," akamwambia Cyiza. "Hii ni ya Munezero. Weye haugonjwi."

Cyiza alilia. Alijitupa chini, akalia kwa haki kabisa, maana tangu azaliwe hajawahi kufanyiwa hivyo. Mukandoli alisimama kando yake akasikiliza kile kilio kama mtu anayesikiliza iwapo mlango unafunguliwa na mtu anaondoka zake. Mtoto akachoka. Akaona kuku anadonoa kiatu chake, akaamka, akamfukuza kuku hadi kwa jirani, na alikuwa anacheka kabla hajafika uzioni.

Hapo ndipo Mukandoli alipokaa chini akalia yeye. Alimlilia Marcienne, kwa mara ya kwanza bila kujihesabu mwuaji wake.

"Haikukuwa robe," alisema kwa sauti, ingawa ndani hamkuwa na mtu. "Dada yangu, haikukuwa ile robe."

Kengele ya kanisa ilipogongwa, alinawa uso, akafungua sanduku, akatoa vitu vyote mpaka chini. Kitenge kilikuwa na mikunjo ya miaka na harufu ya sabuni. Kilimbana kidogo kiunoni, maana Benitha alikishonesha kwa vipimo vya mama wa zamani. Alikivaa hivyohivyo, akatoka nje kwenye mwanga.

Cyiza na Munezero waliacha mchezo, wakamtazama juu mpaka chini. Hawakuwahi kumwona Koko na nguo inayong'aa.

"Koko," Munezero akauliza, "na yangu?"

"Na yangu?" akadakia Cyiza.

"Hii ni ya Koko peke yake," alisema Mukandoli, akawashika mikono, wakaenda kanisani.